Tundu la Nne

Mimi huwajua watu kwa miguu yao. Si ujanja, ni haya tu. Tangu utotoni nikisemeshwa na mtu macho yangu hushuka yenyewe mpaka chini, yakatulia kwenye vidole vyake. Mwalimu wetu wa darasa la saba alisema hiyo ni tabia ya mwizi au ya fundi viatu. Roho ya kuiba sikuwa nayo, basi nikawa fundi viatu.

Banda langu liliegemea ukuta wa kituo cha afya, hatua kumi kutoka getini. Lilikuwa na meza fupi, sanduku la misumari, chuma chenye nyayo tatu cha kugongea soli, na kigoda kimoja cha wateja. Mbele ya kigoda nilitandika kadibodi, mtu akivua viatu asikanyage vumbi.

Mama ninayetaka kumwandika hapa nilikuwa nimeshamjua miezi mitatu kabla sijamtazama usoni. Nilimjua kwa viatu vyeupe vya ukanda, visigino vimelika upande wa nje, cha kushoto zaidi ya cha kulia. Mguu wa namna hiyo ni wa mtu mzito anayetembea haraka na kubeba kitu mkono mmoja. Alikuwa mkunga wa kituo kile. Alivirusha viatu mezani kwangu akiwa bado hatua mbili kufika.

"Fundi! Mgonjwa wako huyo, kisigino kinavuja damu!"

Kisha alikaa, akanyoosha miguu juu ya kadibodi, akaongea. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, na hiyohiyo ndiyo aliyotumia kwa mtu aliye mbele yake. Nilimpenda kwa sababu hakuhitaji kujibiwa. Aliuliza, akajijibu, akacheka, na kiatu kikawa kimekwisha.

Watu walimwita Bi Bonyeza. Mwanamke mjamzito akipita pale nje, hata kama hakuja kliniki, alisimama mwenyewe na kupandisha gauni kidogo. Bi Bonyeza aliinama, akaweka kidole gumba kwenye muundi, juu kidogo ya kifundo, akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo hadi tano. Akiondoa kidole alitazama. Nyama ikirudi mahali pake alisema, "Haya, nenda zako." Kikibaki kishimo alisema, "Ndani! Kwenye mashine!" Watoto wa mtaa walifanya mchezo, wakawa wanabonyezana miguu na kupiga kelele za "Ndani! Kwenye mashine!" Muuza nyanya wa karibu na geti alimkataza kabisa kugusa nyanya zake.

"Kwani kidole kinapima presha?" fundi cherehani wa banda la pili alimuuliza siku moja kwa kejeli.

"Kidole hakipimi, mwanangu. Kidole kinauliza. Mashine ndiyo inayojibu. Kuna miguu inayojaa bure, na kuna mingine haijai kabisa na mwenyewe yuko hatarini. Lakini kuuliza si ujinga. Lete na wako."

"Mimi sina mimba!"

"Hicho kitambi ni cha nani?"

Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Ni miaka ishirini na mbili sasa, lakini kicheko kile nakisikia bado.

*

Mke wangu alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu, kazi ya kusimama kutwa. Tulikaa miaka minne kwenye ndoa bila mtoto, na hatukulizungumzia jambo hilo. Mimi kwa haya zangu, yeye kwa kunionea huruma. Siku tulipooana nilimtengenezea makubazi ya ngozi ya kahawia, ya ukanda na kishikizo cha chuma. Fundi mwenye akili hutoboa matundu matatu, mvaaji achague. Mimi nilitoboa moja. Nilikuwa nimeupima mguu ule sawasawa na nilitaka ajue hivyo.

Basi mimba ilipokuja, na mwezi wa sita miguu ikaanza kujaa, nilitoboa tundu la pili. Nilifanya hivyo kwa furaha. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa nasi, alisema miguu ikijaa ni mtoto wa kike. Fundi cherehani alisema ni wa kiume. Mimi niliona ni kazi ndogo iliyonipa nafasi ya kumshika mke wangu mguu mchana kweupe bila kuona aibu.

Mwezi wa saba alirudi kutoka kliniki akicheka.

"Eti nina presha," alisema akivua makubazi mlangoni.

"Presha ya nini?"

"Sijui mimi! Nesi kaniambia, dada una presha, imepanda, pumzika, urudi baada ya siku tatu tuipime tena. Nikamwambia mbona sina presha, nimetulia kama maji mtungini? Akaniambia haya, tulia hivyohivyo. Foleni ilikuwa mpaka nje, na yule mkunga wako wa kubonyeza alikuwa leba."

"Mimba ya kwanza hiyo, wifi," dada akasema kutoka jikoni. "Nani asiye na presha? Mimi ya kwanza niliota nimejifungua kiatu."

"Kiatu?"

"Tena cha upande mmoja. Nikawa nauliza cha pili kiko wapi."

Hapo ndipo tulipokosea, na nataka nieleze vizuri ili anayesoma asidhani tulikuwa wazembe. Kwetu presha ni neno la kila siku. Mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani ana presha. Timu ikifungwa, mashabiki wana presha. Mteja akinisimamia kichwani namwambia asinipe presha. Ile nyingine ya hospitali tuliijua pia, lakini tuliijua kuwa ni ya wazee na watu wanene. Mke wangu alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba kama uzi wa nailoni. Tukaona nesi amemwona ana wasiwasi.

Nikaamua kumtuliza. Mimi, ambaye maneno hunitoka kama msumari uliopinda kwenye mbao! Mchana niliokota vichekesho kwa fundi cherehani, jioni nikavipeleka nyumbani. Sikujua kuvisimulia. Nilianzia mwisho, nikarudi katikati, nikasahau aliyekuwa amepanda juu ya paa. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa akinicheka mimi, na nilijua, na sikujali. Nilificha kila habari mbaya. Mvua ikalowanisha ngozi zangu zote, nikasema jua lilikuwa zuri. Siku ya tatu ilipofika aliniambia, "Sasa nirudi kliniki kufanya nini? Presha yenyewe sina hata chembe." Nikaona ni kweli.

Siku kumi zilipita hivyo. Nikizikumbuka, naona zilikuwa tamu kuliko zote za ndoa yetu, na hilo ndilo linaloniuma.

Katika siku hizo nilitoboa tundu la tatu, mwisho kabisa wa ukanda. Kichwa kilimgonga, tukalaumu moshi wa pasi ya mkaa. Asubuhi moja alisema anaona vimulimuli.

"Mchana huu?" dada akamuuliza.

"Vinapita tu, wifi. Nimeinuka haraka."

Asubuhi ile ile makubazi yalikataa kufunga. Nikaenda nayo kazini, nikakata kipande cha ngozi cha urefu wa kidole, nikakishona kwenye ukanda na kutoboa tundu la nne. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa nilikuwa naupanua, tena kwa ustadi, na uzi nikaupaka nta.

*

Saa nne Bi Bonyeza alikuja kuchukua viatu vyake. Cha kushoto kilikuwa bado na gundi mbichi.

"Kwa hiyo nimekuja miguu mitupu kutoka leba kuangalia gundi ikikauka," alisema akikaa. Akaokota kubazi la mke wangu mezani kwa kukosa la kufanya. Akaligeuza, akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akinyamaza.

"Ya nani haya?"

"Ya mke wangu, mama."

"Tundu hili la kwanza umelitoboa lini?"

"Tulipooana."

"Hili?"

"Mwezi jana."

"Hili?"

"Wiki iliyopita."

"Na hiki kipande?"

"Leo asubuhi."

Alipitisha kidole gumba kwenye ukanda, tundu kwa tundu, kama anayesoma kadi ya kliniki. "Mguu haunenepi kwa wiki, fundi. Mimba ya miezi mingapi?"

"Saba na kitu."

"Kliniki aliambiwaje?"

"Aliambiwa ana presha. Lakini imeisha."

"Imeisha! Nani kaipima?"

"Hakuna. Nilimtuliza."

"Ulimtuliza kwa dawa gani?"

Nikaangalia kadibodi. "Nilimsimulia vichekesho, mama."

Fundi cherehani kwenye banda lake akacheka. Bi Bonyeza hakucheka. Aliinuka, kigoda kikaanguka.

"Presha ya damu, fundi! Ya damu! Si presha ya moyoni! Mtu anaweza kucheka mchana kutwa na damu inapiga mishipa nyundo! Yuko wapi?"

Alivaa makubazi yale yale, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu, akafunga ukanda kwenye tundu la nne, akaingia getini na kutoka na mfuko wa mashine. Nilimfuata. Mpaka leo nakumbuka nikitazama visigino vyake mbele yangu njia nzima, vikilalia nje ndani ya kiatu cha mke wangu, na nikimwomba Mungu kwa maneno mafupi, kwa sababu hata kwa Mungu mimi ni mtu wa haya.

Tulimkuta mke wangu amekaa sakafuni, mgongo ukutani, dirisha amelifunga kwa khanga. Alisema mwanga unamchoma macho. Uso wake ulikuwa umejaa, kope nzito, na mkono ameubana chini ya chembe cha moyo. Bi Bonyeza alibonyeza muundi mara moja tu. Kishimo kilichobaki pale kingeweza kushika maji. Akamfunga kitambaa cha mashine mkononi, akaminya kile kipira, akasikiliza, akaminya tena. Mia na sabini juu, mia na kumi na tano chini. Sikujua maana yake, lakini niliona jinsi alivyokunja mashine polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Mwanangu," alimwambia dada yangu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "kamwite jirani mwenye gari. Sasa hivi."

*

Katika hospitali kubwa walimchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, wakampa dawa za kushusha presha, wakapima mkojo wakakuta una protini, maana yake figo nazo zilikuwa zimeanza kulemewa. Walimchoma na sindano nyingine za kukomaza mapafu ya mtoto. Daktari alikuwa kijana. Alinieleza akiwa amesimama, nami nikamsikiliza nikitazama raba zake, zilizopasuka ubavuni.

"Dawa ya ugonjwa huu ni kuzaa," alisema. "Mtoto hajafikia wakati, na ni mdogo kuliko umri wake. Tukimtoa leo, mapafu yanaweza kushindwa. Tukisubiri sana, mama anaweza kupata kifafa, na mtoto anaweza kufia tumboni. Tunataka siku mbili, sindano zifanye kazi. Umenielewa?"

Nilitikisa kichwa kukubali, kama nilivyozoea. Alipogeuka kuondoka nilisikia mtu akisema kwa nguvu, "Sijaelewa!" Alikuwa ni mimi.

Korido nzima iligeuka. Bi Bonyeza, ambaye hakuwa na kazi pale na zamu yake ilikuwa imeisha saa nyingi, alinishika bega.

"Muulize. Uliza chochote."

"Mtoto ana kosa gani?" nikasema. "Presha ni ya mama. Mtoto anapunguaje?"

Daktari alirudi. Alianza na maneno makubwa, akayaacha. Bi Bonyeza ndiye aliyemaliza. "Mtoto anakula kupitia kondo la nyuma. Ndio mlango wake, wa chakula na wa hewa. Ugonjwa huu huharibu mishipa ya mlango ule, inakuwa myembamba. Ni kama umemvika mtoto kiatu kidogo miezi yote hiyo. Hakui, kwa sababu nafasi hana."

Hilo nililielewa. Nilitamani nisingelielewa.

"Na nikisaini hiyo karatasi ya kumpasua, nani atapona?"

"Tunataka wote wawili," daktari akasema. "Kuahidi siwezi."

Niliandika jina langu kwa herufi za darasa la saba, kubwa na zilizonyooka.

Siku ya pili alasiri walimpasua. Mtoto alikuwa wa kike, kama dada alivyosema. Kilo moja na gramu mia tatu. Alilia mara moja, kilio chembamba kama cha mlango wa kabati, wakampeleka chumba cha watoto njiti. Mke wangu hakuamka vizuri. Presha haikushuka siku ile wala iliyofuata. Nilikuwa nimedhani mtoto akitoka ugonjwa umetoka naye, lakini Bi Bonyeza aliniambia siku za mwanzo baada ya kuzaa nazo zina hatari yake, na kwamba atalindwa. Alikuja kila zamu yake ilipokwisha, na makubazi yale miguuni. Viatu vyake vilikuwa bado bandani kwangu, na banda nimelifunga.

Siku ya tatu tangu mtoto azaliwe alinikuta kwenye benchi nje ya chumba cha watoto.

"Ingia ndani. Vua shati."

"Mama?"

"Watoto wa mimba hizi huzaliwa hawana mafuta mwilini. Joto linawatoroka, sukari inashuka. Mashine ya joto ni moja na watoto ni saba. Dawa ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Mama yake hawezi kukaa. Una kifua huna?"

"Humo ndani kuna wanawake tupu."

"Mficha uchi hazai!"

"Nimeshazaa, mama," nilisema, na naapa sikukusudia utani.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanifungua vifungo mwenyewe kama mtoto wa chekechea.

Mle ndani walikuwemo akina mama sita, kila mmoja na mtoto wake kifuani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kifua wazi, macho kwenye sakafu. Nesi alimweka binti yangu kati ya maziwa yangu haya ya kiume, uchi, na nepi na kofia tu, miguu imekunjwa kama ya chura, akatufunga pamoja kwa khanga.

"Jamani, mbona mwenzetu ana ndevu?" mmoja akasema.

"Huyo ni mama yetu mkubwa. Mama Ndevu."

"Mama Ndevu, ulijifungua salama?"

"Mwacheni, maziwa hayajashuka."

Jina hilo halikunitoka. Mwaka jana tu mwanamke mmoja mwenye mvi alisimama mbele ya banda langu na kuniita hivyo, nikamkumbuka kwa vidole vyake vya miguu.

Wao walicheka, nami nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Kilikuwa kinapumua juu ya mfupa wa kifua changu. Kilikuwa chepesi kuliko kiatu cha mtu mzima. Kilinukia kama mkate ambao haujaiva. Kila baada ya saa chache nesi alimdunga kisigino kupima sukari, na kila mara nilifumba macho, mimi ninayedunga ngozi kutwa. Maziwa yalitoka kwa mama yake, kidogo kidogo ndani ya kikombe, yakapitishwa kwenye mpira mwembamba puani.

Siku ya tano, mchana, wale akina mama wakila, niliona pumzi haipo.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeambiwa inaweza kutokea, kwamba mtoto njiti husahau kupumua. Niliingiza mkono ndani ya khanga, nikatafuta kitu ninachokijua. Nikapata unyayo. Ulikuwa na urefu wa kidole changu gumba, kutoka ncha mpaka kifundo. Nikausugua kwa ukucha, kama ninavyosugua ngozi ishike gundi. Hakuna. Nikasugua tena, kwa nguvu zaidi. "Nesi," nikasema, kisha nikapaza sauti, "Nesi! Njoo!" Kabla nesi hajafika mguu ule ulinipiga teke. Binti yangu akavuta hewa kwa hasira, akalia kile kilio cha mlango wa kabati.

Wale akina mama walikuwa wameacha kula. Hakuna aliyenitania. Mmoja alikuja kunifuta uso kwa ncha ya khanga yake, nikamwachia.

Mke wangu alikuja kwa miguu yake siku ya tisa, akishikwa mkono na dada. Alitazama kifua changu, akatazama kofia ndogo iliyochungulia kwenye khanga.

"Nipe mtoto wangu, Mama Ndevu," alisema. Habari zilikuwa zimeshafika wodini.

Tulitoka hospitali baada ya wiki tano, mtoto ana kilo mbili. Mke wangu alimeza dawa za presha miezi kadhaa, na anapimwa hadi leo, kwa sababu Bi Bonyeza alimwambia mwili uliopata ugonjwa ule haupaswi kusahauliwa. Binti alichelewa kukaa, akachelewa kutembea. Tulimpeleka kwenye vipimo mpaka wenyewe wakachoka kutuona. Sasa anavaa kiatu namba arobaini na moja, zaidi ya mama yake. Nikimtengenezea kiatu ngozi haitoshi, namwambia, ananijibu nisimpe presha.

*

Bi Bonyeza aliendelea kurusha viatu mezani kwangu miaka kumi na minne tena. Aliyarudisha makubazi, akakataa kulipia gundi, akasema alidhalilishwa kwa kutembezwa miguu mitupu. Kliniki nako alibadilisha jambo moja. Mjamzito akikutwa na presha, yeye hakusema tena "una presha" na kunyamaza. Alisema, "Una presha ya damu, hata kama roho yako imetulia. Rudia niliyosema." Mwanamke alirudia, na kama mumewe yuko nje aliitwa naye arudie. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, mmoja baada ya mwingine, wakirudia kwa aibu, na kila mara niliinamia kazi.

Alistaafu. Viatu vyeupe vikakoma, vikaja vyeusi, vya ukanda pia. Safari zake zikapungua. Banda la fundi cherehani likawa la mtu mwingine, muuza nyanya akahama. Nilijikuta nasikiliza barabara nikiitafuta ile sauti.

Alikuja siku moja asubuhi, polepole. Hakurusha kiatu. Alikaa kwenye kigoda, akashusha pumzi, akanyoosha mguu wenye kiatu mpaka mbele yangu.

"Fundi, niongezee tundu moja hapa. Kinanibana siku hizi."

Nilichukua koleo ya kutobolea. Nikashika ukanda. Kulikuwa na tundu jipya tayari, limetobolewa nyumbani kwa kisu, kingo zimechanika.

Nikaweka koleo chini. Nikavua kiatu, nikaweka kidole gumba kwenye muundi wake, juu kidogo ya kifundo, nikabonyeza. Nikahesabu hadi tano. Nilipoondoa kidole tulitazama wote wawili. Kishimo kilibaki.

"Unafanya nini wewe?" alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Nani kaipima, mama?"

"Toboa kiatu, fundi. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Sitoboi."

"Ni uzee tu. Nimesimama sana jana."

"Nasi tulisema ni pasi ya mkaa."

Nilimtazama usoni. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumtazama hivyo, moja kwa moja. Macho yake yalikuwa ya kahawia hafifu, na yalikuwa na woga. Akaangalia geti la kituo, hatua kumi kutoka pale.

"Humo ndani manesi wote ni watoto niliowapokea mimi wakizaliwa," alisema. "Nikae kwenye foleni na kadi?"

"Mficha uchi hazai, mama."

"Nina miaka sitini na saba, mshenzi wewe!" Akacheka, kile kicheko chake cha ng'ambo ya barabara, mpaka muuza vocha akageuka. Nikainuka, nikampa mkono. Tukaenda getini, yeye na kiatu kimoja mguuni, mimi nimeshika cha pili.

"Ndani," nikamwambia. "Kwenye mashine."

Alikaa humo muda mrefu. Sikufanya kazi nyingine. Kiatu chake kilikuwa mbele yangu mezani na sikukigusa. Saa nane alitoka, na karatasi ya dawa mkononi na nyingine ya kumpeleka kwa daktari wa moyo. Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu juu ya kadibodi.

"Haya," alisema. "Sasa toboa."

Nikatoboa.